Kukhu wangu, kidonda cha mguu na ubatizo: siku niliyofungua mdomo kwa fellowship

Wakuu, niaje. Wa asubuhi, wa jioni, wa kusoma mkiwa choo, nawasalimia wote mara moja ndio nisirudie.

Mimi ni yule mtu husoma nyuzi zenu na kuondoka pole pole. Hata like sijawahi kupeana. Leo naandika kwa sababu hii kitu nilijaribu kuiweka kwa diary yangu na haikutosha. Diary haikujibu. Nyinyi angalau hujibu, hata kama ni matusi.

Kila kitu hapa ni ukweli. Kuna watu wa kanisa letu wako na smartphone na wako huku, kwa hivyo nikiongeza chumvi nitashikwa kabla ya jioni.

Twende.

Niko form three, naishi Free Area, Nakuru, na wazazi wangu na Kukhu. Kukhu ni nyanya, mama ya baba. Alikuja kutoka magharibi juu ya ugonjwa wa sukari, akiwa na kidonda chini ya mguu wa kushoto ambacho kimekataa kupona. Nurse wa clinic huko Section 58 alimwambia kitu moja tu: hicho kidonda kikae kikavu. Kisiloweshwe, hata kwa kuoga.

Macho yake pia imechoka. So kila jioni mimi humsomea Bible.

Sasa mjue mimi ni mtu wa aibu. Sio ile aibu ya kujifanya. Mwalimu akiniita nijibu swali, masikio inakuwa moto na sauti inapotea. Lakini kwa Kukhu naongea kama redio. Na Kukhu ana maswali, wakuu. Huwezi kumaliza mistari kumi.

"Ngoja hapo. Kaini alioa nani, na watu walikuwa wanne tu?"

Mwalimu wetu wa CRE, lile somo la dini shuleni, tulimuuliza hiyo akasema tusilete ujuaji. Mimi nikaenda nikatafuta, nikapata mbele kidogo imeandikwa Adamu alizaa wana wengine, wavulana na wasichana. Nikamwambia Kukhu hiyo ndio Bible imetupatia, ingine hatujapewa.

Akafikiria. "Kwa hivyo ni dadake."

"Inakaa hivyo."

"Kwetu wangelipishwa ng'ombe."

Siku ingine akauliza kama Mungu anaelewa Kibukusu, juu pastor wetu huomba kwa Kizungu akitaka kitu kubwa. Nikamsomea ile siku ya Pentekoste, vile kila mtu alisikia kwa lugha ya kwao. Alifurahi hadi akaomba kwa Kibukusu hapo hapo, na ilikuwa ndefu, chai ikapoa.

Akauliza ukishikwa na usingizi kabla ya amina kama maombi inafika. Nikamwambia mtoto akilala akiongea na babake, baba hakasiriki, anamfunika blanketi. Hiyo sikuisoma mahali. Ilitoka tu.

Akauliza Yona alikuwa anapumua nini ndani ya samaki. Nikasema sijui.

"Hiyo sijui yako naipenda," akasema. "Huko kanisani hakuna mtu hajui."

Nimewaeleza hii yote ndio muelewe hizo jioni zilikuwa nini kwangu. Ni mahali pekee sikuwa bubu.

Naendelea. Nilikuwa nimeitwa kuosha vyombo.

Kanisa letu ni la mabati, dogo, watu wanajuana. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kuna meza ya Bwana. Mkate unapita kwa sahani, kikombe kinafuata. Sheria ni kwamba anayekula ni aliyebatizwa kwa maji mengi, kwa kuzamishwa mwili wote. Kukhu alibatizwa akiwa mtoto mchanga, kwa kanisa ingine, maji kidogo kwa kichwa. Hapa aliambiwa hiyo haihesabiki.

Kwa hivyo sahani ikifika kwa bench yetu, inatoka kwangu inaenda kwa mama wa upande ule mwingine. Kukhu yuko katikati. Mkono wa usher unapita mbele ya uso wake.

Siku moja tukirudi nyumbani akasema, "Ile sahani inaniruka kama mimi ni kiti."

Hakulia. Alisema tu hivyo, akaendelea kutembea na fimbo yake.

Basi kanisa ikatangaza ubatizo. Sisi hatuna mto karibu, so pastor hukodi swimming pool ya hoteli moja upande wa Milimani, Jumapili asubuhi kabla wageni waamke. Mimi nilibatizwa huko mwaka jana na nawaambia hayo maji ni baridi ya kukufanya utubu mara ya pili.

Jumatano jioni nilikuwa namfunga Kukhu bandeji. Akaniambia, akiangalia mlango, "Jumapili naingia."

"Unaingia wapi?"

"Kwa maji. Nimeshaweka nguo nyeupe chini ya mto. Babako asijue."

"Kukhu, na mguu?"

"Mguu nitauacha kwa udongo siku moja. Mimi naenda na roho."

Nikaanza kumwambia mambo ya nurse, ya watu wenye sukari kukatwa miguu. Akaniwekea kidole kwa mdomo.

"Ukisema, mimi sitakuuliza kitu tena. Nitaomba babako anisomee."

Baba husoma Bible kama anasoma bill ya stima. Alijua mahali pa kunipigia.

Nilikaa na hiyo siri Alhamisi na Ijumaa. Nikisema, nimempoteza. Nisiposema, anaingia kwa pool na kidonda wazi. Kwa diary niliandika tu "Mungu saidia" nikachora mguu.

Sasa Jumamosi.

Fellowship ya estate huzunguka nyumba kwa nyumba, na hiyo Jumamosi ilikuwa kwetu. Watu kama kumi na wawili kwa sitting room ya watu watano. Mathe, mamangu, alikuwa kitchen na mandazi. Baba alikuwa shift, anafanya kwa kiwanda.

Anayeongoza ni Elder Simiyu. Huyu mzee ni mtu mzuri, tafadhali msimchukie huko mbele. Ndiye aliyebeba Kukhu kwa mgongo mvua ilipojaa barabarani. Lakini akishasema kitu kutoka kwa Bible, hiyo imefungwa na msumari.

Baada ya nyimbo kuna kipindi cha maswali. Mama Ivy, jirani yetu wa salon, akauliza kama kusuka mtu Jumapili ni dhambi. Elder akasema tutaliombea. Mama Ivy akasema, "Elder, hilo umeliombea tangu Easter."

Watu wakacheka. Halafu Kukhu akainua fimbo.

"Simiyu. Mtu akikufa na hajaingia kwa maji, anaenda wapi?"

Elder hakufikiria mara mbili. "Mama, Yesu mwenyewe alimwambia Nikodemo. Asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuingia. Ni hivyo."

"Ni hivyo," Kukhu akasema, na akatingisha kichwa kama mtu ameletewa ruhusa.

"Swali lingine?"

Wakuu, kwa akili niliona ile nguo nyeupe chini ya mto. Na nikajipata nimesimama. Sijui nani alinisimamisha.

"Hiyo sio..." nikaanza.

"Salimia watu kwanza," Mama Ivy akasema.

Hii mtu hajakulia kanisa kama letu hawezi kujua. Kwetu ukisimama husemi kitu kabla ya kusalimia. Hata nyumba ikiungua, utasalimia.

"Bwana asifiwe."

"Amen."

"Tena asifiwe."

"Amen."

"Kwa majina..." Jina langu likapotea. Wananijua tangu nikiwa mtoto, na walikuwa wanangoja nijitambulishe. Mama Ivy akanong'ona jina langu nikalirudia kama kasuku.

Halafu nikafanya kitu mpaka leo nikikumbuka najifunika blanketi. Nikajibu kama paper ya CRE.

"Umuhimu wa ubatizo. Kwanza, ni ishara ya kufa na kufufuka pamoja na Kristo. Pili, ni njia ya kujiunga na kanisa. Tatu, ni kutii amri ya Yesu. Nne..."

"Hii ni marks ngapi?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Sitting room ikaanguka. Hata Kukhu alicheka. Masikio yangu ilikuwa inatoa moshi. Ningeketi hapo, na uzi huu haungekuwepo.

Lakini Elder alikuwa ameshafungua mdomo kuita swali lingine, na nikaona hilo swali la Kukhu linaenda. Nikaacha points.

"Elder, pole. Kabla uende kwa lingine. Uliza Kukhu, hilo jibu umempea anaenda kufanya nini nalo."



Elder akamgeukia. "Mama?"

Kukhu aliniangalia mimi, sio yeye. Muda mrefu. Nilijua anapima kama nimevunja ahadi. Mimi sikuwa nimesema kitu. Nilikuwa nimeuliza.

"Kesho naingia," akasema. "Na huu mguu wangu. Umesema mwenyewe, Simiyu, bila maji hakuna njia."

Mathe alitoka kitchen na thermos mkononi. "Nani anaingia wapi?"

Kukawa na kelele. Mathe anasema sukari, Mama Ivy anasema amputation, mtu anasema imani huponya, mwingine anamwambia apeleke imani yake kwa nurse. Elder alikaa chini. Aliinama akaangalia ile bandeji kama hajawahi kuiona.

"Mimi nilibatizwa mtoni nikiwa na malaria," akasema pole pole. "Lakini nilikuwa kijana."

Nilikuwa bado nimesimama. Nikasema mwizi wa msalabani hakubatizwa na Yesu alimwambia watakuwa pamoja siku hiyo hiyo.

"Huyo hakuwa na nafasi," Elder akasema. "Mikono imepigiliwa. Mama yuko na nafasi."

Ni kweli, hilo ndilo jibu watu hutoa, na sio mbaya. Halafu nikakumbuka kitu nilikuwa nimesomea Kukhu wiki hizo, na hapa ndio wakuu nilisikia joto kwa kifua, ile ya kupata hesabu mwalimu akiwa bado anaandika.

"Yule mlinzi wa jela ya Filipi," nikasema. "Paulo na Sila walikuwa wamechapwa, migongo imechanika. Tetemeko likaja, milango ikafunguka. Mlinzi akauliza afanye nini aokoke. Akaamini. Usiku huo huo akawachukua, akawaosha vidonda. Halafu ndio akabatizwa, yeye na watu wake wote. Vidonda vilitangulia maji."

Elder ni mtu wa Bible, hawezi kudanganyika. "Lakini wenye vidonda sio waliobatizwa. Aliyebatizwa ni askari."

"Ni kweli," nikasema. "Lakini alikuwa ameulizia roho yake, na bado hakuwaambia wangoje na vidonda vyao mpaka amalize. Na jela usiku, maji ya kuzamisha familia nzima walitoa wapi?"

"Bible haijasema."

"Eeh. Haijasema."

Alifungua ukurasa, akasoma kimya na kidole. Tulingoja. Unaweza kusikia mandazi zikiungua kitchen, na hakuna mtu alienda.

"Haijasema," akarudia. Akatoa simu, akapigia pastor, akaweka loudspeaker juu ya meza kati ya vikombe.

Pastor alikuwa kwake, kuku wanasikika. Alielezewa. Akasema haraka, "Kidonda cha sukari? Hapana, hapana. Mama asiingie. Angoje kipone, tutambatiza wakati huo."

Nilipumua. Nikadhani imeisha.

Kukhu akainamia simu. "Na kisipopona?"

Hata kuku wa pastor walinyamaza, naapa.

"Mama," pastor akasema, "hilo sijui."

Nikamuona Kukhu akitabasamu kidogo. Mnakumbuka vile anapenda hiyo sijui.

"Lakini sitaki uondoke huku ukifikiri Mungu alikufungia mlango juu ya mguu," pastor akaendelea. "Uliamini?"

"Kabla uzaliwe."

"Basi kesho njoo. Nitakuja na jagi. Na hiyo meza ya Bwana, nitaongea na wazee."

Elder akaangalia simu. Nilijua ndani yake kuna vita, maji kidogo kwa kichwa ndio kitu amepinga maisha yake yote. Mwishowe akasema, "Pastor, mguu nitashika mimi."

Baba aliporudi jioni aliambiwa yote kwa pamoja, mpaka nguo nyeupe. Alikaa chini na buti zake. Akaniuliza, "Wewe ndio uliongea? Mbele ya watu?" Hiyo ndiyo ilimshangaza kuliko zote.

Jumapili asubuhi. Baridi ya Nakuru mnaijua. Pool inatoa mvuke, mlinzi wa hoteli anatuangalia kama tumepotea. Waliobatizwa walikuwa vijana watano, walizamishwa mmoja mmoja wakitoka wakitetemeka na sisi tukiimba.

Halafu Kukhu. Aliketi kando ya maji kwa kiti cha plastiki, nguo nyeupe mpaka chini. Mguu wa kushoto mathe alikuwa ameufunga na karatasi mbili za plastiki za mkate, akakaza na raba. Elder Simiyu alikunja suruali ya suti, akapiga goti kwa simiti iliyoloa, akaushika huo mguu juu na mikono miwili, mbali na maji, kama mtu amebeba mtoto wa wenyewe.

Pastor alichota na jagi la kanisa, lile la kunawisha wageni mikono kwa harusi.

"Simiyu," Kukhu akasema, "shika vizuri. Huo mguu ndio umeleta haya yote."

"Nimeshika, Mama."

Jagi ya kwanza alipiga kelele ya baridi. Ya pili alinyamaza. Ya tatu sikuona vizuri, macho yangu ilikuwa na kazi. Elder alilowa kutoka shingo mpaka magoti, lakini karatasi za mkate zilikuwa kavu. Nilizigusa mwenyewe. Kavu kabisa.

Hapo nilitaka kuruka. Mimi, mtu wa kukaa nyuma. Niliimba mpaka Mama Ivy akaniangalia mara mbili.

Sasa mnaingoja meza ya Bwana, najua. Ilikuwa Jumapili iliyopita, ndio maana naandika leo.

Wazee walikuwa wamekubali. Ikatangazwa. Sahani ikaja kwa bench yetu, nikachukua, na usher, kwa mazoea tu, mkono wake ukapita mbele ya uso wa Kukhu kwenda kwa yule mama mwingine.

Kukhu akamshika koti.

Alishika tu, na hakuachilia. Usher akageuka, akaona, akarudisha sahani pole pole na akasema, "Nisamehe, Mama." Kukhu akachukua mkate wake, akaufunga mkononi kidogo kabla ya kuula, kama anasikia uzito.

Kikombe kikapita. Akakunywa. Akanivuta sikio.

"Mbona hii ni juisi? Yesu aliwapea juisi?"

"Kukhu, nitakuambia jioni," nikanong'ona.

Wakuu, kile nimejifunza sio kikubwa. Mtu akikuuliza swali la Bible, usikimbilie mstari. Elder alikuwa na mstari, mimi nilikuwa na points za CRE, na sote wawili hatukuwa tumesaidia mtu bado. Uliza kwanza anaenda kufanya nini na jibu lako. Na kama hujui, sema hujui. Watu hawakimbii sijui. Nyanya yangu huivutia kiti.

Na kwa wenye aibu kama mimi: bado niko na aibu. Darasani juzi masikio ilikuwa moto kama kawaida. Lakini najua sasa kuna sauti huko ndani, na siku inahitajika, inatoka. Salimia tu kwanza.

Kidonda bado kipo. Nurse anasema hakijaongezeka, na kwa sukari hiyo ni habari njema.

Sasa nisaidieni, maana Kukhu ananiita na hii ya juisi nimeidodge jioni mbili. Kwa nini makanisa mengine hutumia divai na sisi juisi? Wenye kujua semeni. Wasiojua pia semeni hamjui, nitamsomea comments zote, na hizo ndizo atapenda zaidi.